Gundi ya vioo yaishinda silikoni kwenye gari la majini

Kwa Amphicar, lile gari la Kijerumani la miaka ya 1960 linaloogelea, silikoni ya bei chee ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, haifai kuzibia matundu yanayovuja. Ile yenye harufu ya siki huleta kutu, tena rangi haishiki juu yake. Chukua gundi ya poliurethani ya kubandikia vioo vya magari. Ghali, ndiyo, lakini inavutika bodi likitikisika.

Tundu litafute kinyumenyume: gari likiwa juu ya stendi, toa kapeti, mimina maji sakafuni, kina cha sentimita 5, kisha pita chini na chaki ukiweka alama panapovuja. Kausha, piga msasa, paka praima, kisha gundi. Baridi ya Mbeya huchelewesha kukauka, ipe siku mbili. Mpira wa mlango uliokakamaa badilisha tu. Gundi hapo ni kupoteza hela.