Taa au ndizi? Kutazama nondo wa Ssese

Kila anayevuka kwenda kisiwa cha Bugala, katika visiwa vya Ssese vya Ziwa Victoria, Uganda, kutazama nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na vipepeo, huuliza: shuka jeupe na taa, au chambo cha ndizi mbivu?

Kwa gharama, ndizi. Unaziponda na sukari guru, unamiminia waragi (pombe kali ya Uganda) kidogo, zinachachuka, jioni unapaka kwenye gome la mti. Taa inataka betri, na betri inataka umeme.

Lakini kwa kuona sura ya nondo, mimi napenda taa. Hata aliye mdogo kama ukucha hutua shukani, na mistari ya mabawa yake ikaonekana bila kumgusa. Ukimgusa, magamba hutoka kama vumbi, urembo ukapotea. Tena wale wakubwa wa jamii ya Saturniidae hawali kabisa wakishakomaa, kwa hiyo chambo hakiwavuti. Shida ni ziwa: usiku mwingine wadudu wasiouma huja kama moshi, wakafunika shuka lote. Mbalamwezi nayo hupunguza nondo wanaokuja.

Chambo huleta Cyligramma latona, nondo wa kahawia mwenye doa kama jicho. Ila sisimizi hukivamia.

Ukilala msituni bila umeme, beba ndizi. Ukiwa na umeme, mbali na ufuko, usiku wa giza, washa taa.