Simuleta ya ndege: ununue ipi, yenye uhalisia au iliyo nyepesi?

Kabla sijamshauri mtu anunue simuleta, yaani programu ya kuigiza kurusha ndege, huwa naipima hivi: naiweka Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, pale uwanja wa Wilson, Nairobi, mchana wa jua kali, halafu najaribu kuondoka. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule ni hafifu, na ukiacha mafuta yaingie kwa wingi kana kwamba uko Zanzibar, injini inakosa nguvu na ndege inakula njia ya kurukia huku jasho likikutoka. Rubani hukivuta kidogo kile kishikio chekundu ili kupunguza mafuta. Simuleta yenye uhalisia itakuadhibu ukisahau. Iliyo nyepesi itakufanyia yenyewe, wala hutajua kwamba kulikuwa na kazi.

1. X-Plane 12. Hii ndiyo ningenunua kwa pesa yangu. Hukokotoa kani za hewa kwenye vipande vidogo vidogo vya bawa na propela wakati ndege iko angani, ndiyo maana upepo wa ubavuni unausikia mkononi. Pale Wilson haikuonei huruma. Menyu zake zimekaa kama za fundi, na mgeni atapotea siku mbili tatu. Mandhari yetu nayo ni ya kukisia: barabara ziko mahali pake, lakini nyumba za Kariakoo zingeweza kuwa za mji wowote. Mbona basi iwe ya kwanza? Kwa sababu ukishaisakinisha, unaruka bila intaneti. Kwa anayenunua bando, huo ni wepesi mkubwa kuliko msaada wowote wa kwenye skrini. Ina pia toleo la majaribio la bure. Lishushe kwanza uone kama kompyuta yako inaliweza. Inakubali Windows, Mac na Linux.

2. Microsoft Flight Simulator 2024. Kwa sura haina mpinzani. Kilimanjaro utaitambua kabla hujasoma ramani. Kwa mwanafunzi pia ni mwalimu mpole: unaweza kuiachia kazi ya mafuta na usukani wa mkia, kisha ukazima msaada mmoja mmoja kadiri unavyokomaa. Hapo inaishinda X-Plane, sibishi. Toleo la kawaida linatosha, kwani ndege ya Caravan, farasi wa kazi wa safari za mbugani, imo humo. Tatizo ni njaa yake. Dunia yake inashushwa mtandaoni wakati unaruka. Watengenezaji wanataja megabiti 10 kwa sekunde kuwa kiwango cha chini na 50 kuwa kinachofaa, pamoja na RAM ya GB 16 hadi 32. Ilipozinduliwa Novemba 2024 seva zilizidiwa, na wenye intaneti nzuri nao wakabaki wanaitazama skrini. Kama una faiba nyumbani, au tayari una mashine ya michezo ya Xbox Series, ipandishe iwe ya kwanza na usinisikilize.

3. Infinite Flight, ya simu. Inafaa ukiwa kwenye foleni. Kuinamisha simu ndiyo usukani. Ukilipia usajili unapata dunia nzima na waongozaji ndege ambao ni watu halisi, na hao ndio watakaokufundisha nidhamu ya mzunguko wa uwanja, ile njia ya kuuzunguka uwanja kabla ya kutua. Ila mkono hautajifunza kitu.

4. FlightGear. Ni ya bure kabisa, na watu wa kujitolea wanaijenga tangu miaka ya tisini. Ndege zake hazilingani: moja imetengenezwa kwa upendo, ya pili imeachwa nusu. Ningempa mtu mwenye kompyuta ya zamani na subira mpya.

DCS World sijaipanga, kwa kuwa ni ya ndege za kivita. Anayeitaka anajijua.

Fungu la joystiki, ule mpini wa kuongozea ndege, litenge kabla ya kuchagua programu. Kwa kibodi, simuleta zote tatu za kompyuta ni mbaya sawasawa. Tafuta yenye mpini unaozunguka, kama Logitech Extreme 3D Pro au Thrustmaster T.16000M, ili usilazimike kununua pedali za usukani wa mkia mapema. Ya mtumba inafaa, mradi ukiishika dukani mpini urudi katikati wenyewe. Ukilegea, kila ndege utakayorusha itavuta upande mmoja, nawe utailaumu programu.