Sufuria ya Umeme ya Lita Moja: Miaka Mitatu ya Kupika Wali wa Mtu Mmoja

Sufuria ninayoieleza hapa ni ile ndogo ya umeme ya kupikia wali, yenye ujazo wa lita moja na nguvu ya wati 400, kifuniko cha kioo na swichi moja tu ya kubonyeza chini. Niliinunua Darajani, Unguja, kwa shilingi 45,000, siku mbili kabla ya kurejea Uturuki kwa mwaka wangu wa pili wa masomo, na nimeitumia karibu kila siku kwa miaka mitatu katika chumba cha kupanga mjini Ankara. Nawaandikia hasa vijana wa Unguja na Pemba wanaojiandaa kwenda kusoma nje, kwa sababu wengi wananiuliza kama inafaa kuibeba. Jibu langu ni kwamba inafaa sana, ila yapo mambo ambayo mimi niliyajua baada ya kuharibu mchele mwingi, na ningependa mwenzangu ayajue kabla hajafunga begi.

Mwaka wa kwanza, tulipokuwa tukisoma lugha ya Kituruki, nilikaa hosteli ambayo haikuruhusu kupika chumbani. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza kanuni za mahali utakapokaa, kwani mahali pengi vyombo vya umeme vya kupikia vimekatazwa kabisa. Chakula cha bwalo kilikuwa kizuri na cha bei nafuu, na wali haukukosekana, lakini Waturuki huukaanga kwanza mchele kwa siagi pamoja na tambi ndogo, na mchele wenyewe, ule wa baldo au osmancık, ni mfupi na mnene. Ni wali mtamu. Ila kwa mtu aliyelelewa kwa wali wa nazi, ni chakula kingine kabisa.

Nilipohamia chumba changu, sufuria haikuwaka. Plagi yake ilikuwa ya pini tatu bapa kama tunazotumia Zanzibar, na soketi za Uturuki ni za matundu mawili ya mviringo. Umeme wenyewe hauna tofauti ya kuogopesha, ila adapta ya kwanza niliyonunua, ile ya rahisi kuliko zote, ilipata moto na kuyeyuka upande mmoja, ikanibidi nitafute nyingine iliyo imara zaidi na yenye waya wa ardhi. Wiki ile nilipikia sufuria ya kuazima, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui mtu mmoja anakula mchele kiasi gani. Nyumbani kwetu Wete, Pemba, mchele hupimwa kwa kibaba, na wali hupakuliwa kwenye sinia tunalolizunguka watu saba, ambamo hakuna fungu la fulani wala la fulani. Nilipika kama nilivyoona kukipikwa. Nikala wali uleule mchana, usiku na kesho yake, na siku ya tatu nikaumwaga, jambo ambalo sijawahi kumwona mama yangu akilifanya.

Kwa sababu hiyo, kitu ninachokithamini kuliko vyote katika sufuria hii ni kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja ndani yake. Ujazo wake ni mililita 180, kipimo cha Kijapani, kwani sufuria za namna hii zilianzia Japani, ambako kampuni ya Toshiba iliingiza ya kwanza sokoni mwaka 1955. Kikombe kimoja cha mchele kinamshibisha mtu mmoja mwenye njaa ya kawaida, na mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inafuata kipimo hichohicho, hivyo anayepima mchele kwa kikombe cha chai atakosea kiasi cha maji. Ndiyo maana nasisitiza ujazo wa lita moja. Ile ya lita 1.8, ambayo wauza duka huisifu kwa kuwa tofauti ya bei ni ndogo, ukiitilia kikombe kimoja mchele hutandaa chini kama utando, ukakauka pembeni kabla haujaiva katikati.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Chini kuna sumaku maalumu, na maadamu maji yapo, joto halipandi sana kupita kiwango cha kuchemka. Maji yakishanyweka yote joto hupanda ghafla, sumaku hupoteza mvuto, na swichi huruka juu kwa mlio mmoja mkavu. Ankara iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100, kwa hiyo wali wangu wa mwanzo ulibaki na kiini. Dawa yake ilikuwa kuongeza maji kidogo na kutofunua kifuniko kwa dakika kumi baada ya swichi kuruka.

Kilichonitesa zaidi ni tui. Nilitia tui la kopo pamoja na mchele tangu mwanzo, swichi ikaruka mapema, chini pakawa na ukoko wa kahawia na juu mchele mbichi. Nilirudia mara tatu, matokeo yakawa yaleyale. Nilipompigia mama aliniuliza, “Kwani mwanangu, mimi natia tui zito kabla wali haujakauka? Anza na maji na chumvi. Tui la kasimile litie mwisho, kisha ufunike.” Baadaye nilielewa sababu: mafuta ya tui hushika chini na kuungua, joto likapanda, sumaku ikadanganyika kwamba maji yamekwisha. Mama hajawahi kuitumia sufuria hii, yeye hupalia makaa juu ya kifuniko, lakini alilolisema ndilo lililouivisha wali wangu.

Tangu Uturuki iache kubadilisha saa mwaka 2016, saa ya Ankara na ya Pemba ni moja mwaka mzima, ila jua halilingani. Ramadhani ya mwaka 2023, nyumbani walitangulia kufuturu kwa takriban nusu saa mwanzoni mwa mwezi, na kwa zaidi ya saa nzima mwishoni. Mama akishamaliza kuswali magharibi hunipigia, nami nikiwa bado na swaumu yangu, simu nimeiegemeza ukutani karibu na sufuria, mvuke umetanda kwenye kioo cha dirisha. Tulikuwa hatuzungumzi mengi. Swichi ikiruka aliisikia kule Wete, akasema, “Haya, umeiva. Usiufunue kwanza.” Kisha akabaki kwenye simu mpaka adhana ya Ankara.

Kasoro zake zipo. Pilau haipikiki vizuri, kwa sababu ukijaribu kukaanga vitunguu bila maji swichi huruka kabla havijageuka rangi. Utando wa ndani huchubuka kwa kijiko cha chuma, nami nilijua hilo baada ya mwezi mmoja tu, kwa hiyo beba mwiko wa mbao. Ukiuacha wali katika hali ya kutunza joto usiku kucha, asubuhi unakuta mgumu kama mawe. Waya wake ni mfupi mno. Kwa mihogo, ndizi, mayai na uji wa mchele sina lalamiko.

Mdogo wangu anaondoka mwezi wa tisa kwenda Konya, hukohuko Uturuki, na ya kwake tumeshainunua, ya lita moja hiyohiyo pamoja na adapta iliyo imara. Wiki nzima sasa mama anamsimamisha jikoni kila mchana, akimpimisha mchele kwa kikombe kile kidogo na kumpikisha wali wa mtu mmoja. Ukishaiva, mama huuchukua na kuumimina kwenye sinia pamoja na wetu.