Kisu cha chuma cha kasi au cha kabaidi kwa mashine ndogo ya kukereza
Kwa anayekereza vyuma nyumbani kwake Mtwara kwa kupenda tu, akiwa na mashine ndogo yenye mota dhaifu, ninapendekeza bila kusita kisu cha chuma cha kasi (HSS, chuma kilichochanganywa ili kistahimili joto la kukata), kwa kuwa hunoleka kwa jiwe la kawaida la kijivu na hukata kwa ukali bila kuielemea mota, ingawa hupoteza ugumu joto linapokaribia nyuzi 600. Kabaidi, yaani mchanganyiko mgumu sana wa tungsteni na kaboni, huvumilia joto zaidi na hukata upesi, lakini haipendi mshtuko: umeme ulipokatika ghafla nikikereza ekseli ya pikipiki, ncha ilimeguka kipande kama punje ya mchele, nami sikuwa na jiwe la kijani la kuinolea. Siku hizi ninaitumia kwa chuma cha kusubu pekee, ambacho gamba lake hufubaza haraka kisu kile kingine.