Bao, keram, dhumna na drafti: uzoefu wangu wa mwaka mmoja mezani

Mabao mengi yanayouzwa kwenye maduka ya vinyago yamechongwa yakae juu ya kabati. Ndiyo maana, baada ya mwaka wa kucheza bao, keram, dhumna, drafti na mchezo mmoja wa boksi kutoka ng'ambo, siku hizi naanza kukagua kifaa kabla sijausifu mchezo. Bao likichezwa kwenye ubao mbovu linachosha, na keram kwenye plaiwudi iliyopinda ni bahati nasibu tu.

Nianze na bao lenyewe, bao la kiswahili. Ubao una safu 4 za mashimo 8, jumla 32, na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu 2. Ukitaka kujua kama fundi aliyechonga anajua bao, tazama nyumba, lile shimo la mraba. Kaa upande mmoja, hesabu safu ya mbele kuanzia kushoto kwako: nyumba iwe shimo la 5. Zunguka ukae upande wa pili, hesabu tena kuanzia kushoto kwako: nayo iwe ya 5. Maana yake nyumba mbili hazitazamani. Zinapishana kwa shimo moja. Zikitazamana, huyo fundi ameiga picha. Mashimo yote yakiwa ya duara bado unaweza kutia alama ya chaki ukacheza, lakini ubao wa kukunja wenye safu 2 za mashimo 6 na kete 48 ni wa mchezo mwingine kabisa, hata muuzaji akikuapia.

Halafu pima kina. Kipindi cha kunamua, yaani cha mwanzo mnapoingiza kete za akiba moja moja, nyumba hujaa upesi, na kete kumi na kitu zikilundikana humo zisimwagike mtu akigusa ubao kwa kiwiko. Kipimo changu ni mkono: vidole vinne viingie shimoni na kuzoa kete zote kwa mara moja. Shimo la kuchokonoa kwa vidole viwili linachelewesha mchezo na kuleta ugomvi, kwa sababu kete moja ikibaki chini bila kuonekana, hesabu yote ya mtaji, kipindi kinachofuata kete za akiba zikiisha, inaharibika. Vanishi ndani ya mashimo siipendi. Komwe, zile mbegu zinazotumika kama kete, ni laini tayari, zikikutana na vanishi zinateleza na kurukia shimo la jirani. Nunua komwe 70 badala ya 64, chagua zinazolingana ukubwa, na ukague mti: uliochongwa mbichi hupasuka kati ya shimo na shimo, hasa pembeni kwenye vichwa.

Mpangilio wa kuanza: kila mmoja anaweka kete 6 kwenye nyumba, kisha 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba. Hizo ni 10. Zinazobaki 22 ni za kunamua, moja kila zamu. Kosa ninaloliona sana kwa wanaojifunza ni kuamini kwamba kula ni hiari. Si hiari. Kama una pa kula, unakula. Kosa la pili ni kuanza kusambaza popote: kete ulizokula huanzia kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, na ukila kwenye kichwa au kimbi, yaani mashimo mawili ya mwisho ya upande wowote, lazima uanzie kichwa cha upande huohuo. Ukila mashimo manne ya katikati, mwanzo wa zamu unachagua. La tatu ndilo linalowachanganya hata waliozoea: zamu iliyoanza kwa kutakata, yaani kusambaza bila kula, haiwezi kugeuka ikawa ya kula katikati ya safari, hata kama kete ya mwisho imeangukia mahali patamu.

Kuhusu nyumba, ukiwa unakula na kete yako ya mwisho ikafika kwenye nyumba yenye 6 au zaidi, una ruhusa ya kulala, yaani kuishia hapo, au kuendelea na safari kwa kuzisambaza kete za nyumba. Wengi huivunja mapema kwa uroho. Mimi naona nyumba ya kete 8 mpaka 10 isiyotishiwa ina thamani kubwa kuliko kula shimo la kete 3, kwa sababu ikishavunjwa haki hiyo hairudi tena. Kwenye kipindi cha mtaji, kumbuka kwamba shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzisha kula. Mchezaji mzuri anakuacha urundike mpaka ujifunge mwenyewe. Na safu ya mbele ikiwa tupu umekwisha, hata nyuma uwe na utajiri wa namna gani. Anayeanza apewe bao la kujifunza, kete 2 kila shimo, bila kunamua. Wiki chache hapo zinatosha kumzoesha kuhesabu. Na faida ya ubao huu ni kwamba omweso wa Uganda nao unatumia mashimo 32 na kete 64, kwa hiyo umenunua michezo miwili.

Keram ndiyo iliyochezwa zaidi, na ndiyo inayodai matunzo zaidi. Ubao wa kipimo cha mashindano una uwanja wa sentimita 73.5 hadi 74 kila upande, na plaiwudi isiyopungua milimita 8. Mbao nyingi za bei ndogo zina plaiwudi ya milimita 4, na hapo pwani hiyo haimalizi masika bila kutoa tumbo. Dukani laza rula ndefu kutoka pembe hadi pembe, kisha tazama kwa chini ukielekea mwangani: mwanga ukipita katikati au pembeni, achana nao. Jaribio la pili ni kupiga straika, ile kete kubwa ya kupigia nyingine, kwa nguvu zote kwenda upande wa mbele; kwenye ubao mzuri uliotiwa poda inakwenda na kurudi, jumla mara tatu na nusu. Ikichoka kwenye safari ya pili, kingo ni za mti laini au hazikubanwa vizuri kwenye plaiwudi. Gonga kingo kwa kidole pande zote nne: sauti iwe moja. Panapotoa sauti ya uwazi, straika itafia hapo kila mara.

Kete ni 19: nyeupe 9, nyeusi 9, na kwini moja nyekundu. Straika halali haizidi gramu 15 na upana wa sentimita 4.13. Zile nzito za chuma zinazouzwa kando zinafurahisha vijana lakini zinatafuna kingo na kupasua kete za mbao, mimi siziruhusu. Ya plastiki ngumu yenye ukingo usiokwaruzika inatosha, mradi iwe sawasawa: izungushe juu ya kioo, ikiyumba irudishe.

Sasa poda. Hapa ndipo keram nyingi za mtaani zinapoharibikia. Poda ya mtoto inaonekana rahisi, lakini kwenye hewa ya unyevu inashikana na kufanya vijidonge, na kete zinaanza kupinda njia. Unga wa ngano ni mbaya zaidi, unaleta wadudu. Poda ya boriki ndiyo inayofaa: chembe zake zinaviringika chini ya kete na hazinywi maji haraka. Nyunyiza kidogo sana, kiasi cha kijiko kidogo cha chai kwa uwanja wote, sambaza kwa kiganja, kisha piga kete chache ili ienee. Ukiona ukungu mweupe, umezidisha. Ni hiyohiyo inayotumiwa kuulia mende, kwa hiyo isikae karibu na chakula wala watoto, na wachezaji wanawe mikono kabla ya kula. Mchezo ukiisha, futa kwa kitambaa kikavu. Kitambaa chenye maji, hata kidogo, kinainua nyuzi za mbao. Taa inayoning'inia juu ya ubao si ya kuonea tu, joto lake linapunguza unyevu. Taa za kisasa zisizotoa joto zimeiondoa faida hiyo, na nimeona tofauti msimu wa mvua. Ubao uhifadhiwe umelala chali mahali tambarare. Ukiegemezwa ukutani miezi miwili utapinda.

Kanuni za kukubaliana kabla: kwini lazima ifunikwe, yaani uiingize kisha uingize kete yako katika pigo hilohilo au linalofuata, vinginevyo inarudi katikati. Straika ikiingia mfukoni, unarudisha kete yako moja. Mshindi wa ubao, yaani wa raundi moja, anapata alama moja kwa kila kete ya mpinzani iliyobaki, na 3 za kwini kama ni yake; mchezo ni alama 25. Ukishafika 22, kwini haikupi kitu tena. Kipengele hicho wengi hawakijui, na ndicho kinachozuia mtu aliyetangulia kumaliza mchezo kwa kukimbilia kwini. Kwa maoni yangu, bila hicho keram inapoteza nusu ya utamu wake mwishoni.

Dhumna haina makuu. Kete 28, watu wanne, wawili wawili, kila mmoja 7. Tatizo la seti za siku hizi ni migongo: plastiki nyembamba inakwaruzika kwa kupigwa mezani, na baada ya muda wenye macho wanazijua kete kwa mgongo. Tafuta nene, ambazo kila moja inasimama yenyewe kwa ubavu, na tandika kitambaa kizito mezani kama majirani wamelala. Hesabu ya kushika kichwani ni kwamba kila namba ipo kwenye kete 7. Ukiwa na kete 4 za tano mkononi na 2 zimeshashuka, imebaki moja tu, na ukimjua aliyepita kwenye tano basi unajua pia nani hana.

Kete ikipotea, usikisie. Zipange zote zilizobaki kwa mnyororo mmoja, namba kwa namba, mpaka ziishe. Seti kamili daima huanza na kumalizika kwa namba ileile. Ikianza na 3 na kumalizika na 5, iliyopotea ni 3 na 5. Ncha zikifanana na kete ni 27, iliyopotea ni mojawapo ya zile zenye namba sawa pande zote mbili; pitia hizo saba utaiona. Jumla ya vitone vyote ni 168, kama unataka kuhakikisha kwa njia ya pili.

Drafti sina mengi ya kusema, kwa sababu kifaa hakigharimu: kipande cha plaiwudi chenye miraba 64, na vizibo 12 vya soda kila upande, wengine wamefunika, wengine wamefunua. Chora miraba ya sentimita 4. Midogo kuliko hapo vizibo vinagusana na mtu anasogeza viwili kwa mkono mmoja, kwa makusudi au bila kusudi. Kinacholeta kelele ni kanuni, maana kila kijiwe kina yake. Kabla ya kusogeza kete, ulizeni mambo matatu: kete ya kawaida inakula kinyumenyume? Kingi ikishakula inasimama palepale nyuma ya aliyeliwa au popote kwenye mstari? Na anayeacha kula anaadhibiwaje? Mkishayajibu hayo mchezo unakwenda kimya.

Mchezo wa boksi ni Catan, wa mwaka 1995, watu 3 au 4. Una vigae 19 vya ardhi na kadi 95 za mali, na anashinda anayefika pointi 10 kwanza. Watu wa baraza wanaupenda kwa kuwa nusu yake ni kubadilishana mali kwa maneno, na hapo hakuna anayehitaji kufundishwa. Wageni wanakosea pale mwanzoni wanapoweka vijiji. Kijiji hupata mali dadu zikitoa namba ya kigae kilicho kando yake: namba 6 na 8 kila moja inatokea mara 5 kati ya michanganyiko 36 ya dadu mbili, lakini 2 na 12 mara moja moja, kwa hiyo kijiji kilichowekwa kwenye 12 kwa sababu mahali panapendeza ni njaa. Saba inatokea mara 6 kati ya 36, na ikitokea mwenye kadi zaidi ya 7 mkononi anatupa nusu, usirundike. Kadi zake ndizo udhaifu wa mchezo huu katika hewa ya pwani: zinavimba kingo na kugandana. Zivishe mifuko ya plastiki siku unapofungua boksi, na utie ndani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.