Programu ya kurekodi muziki: ipi ya kuanzia ukiwa Mombasa

Kama unarekodi sauti na ala halisi, iwe udi, gitaa au ngoma, na laptopu yako ni ya Windows, chukua Reaper. Kama kazi yako ni biti, FL Studio. Mwenye Mac au iPhone hana haja ya kununua chochote kwa sasa, aanze na GarageBand.

Namba moja: Reaper

Faili yake ya kusakinisha haifiki MB 50, kwa hiyo bando haliumii, na laptopu ya mtumba inaibeba bila kulalamika. Unapewa siku 60 za kujaribu, hakuna kilichofungwa. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Asiye na kadi ya benki anaweza kulipa kwa Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay. Ubaya wake ni sura kavu, na ala za ndani karibu hakuna. Mpiga kinanda atalazimika kutafuta plagini (programu ndogo za kuongezea ala au kubadili sauti) kwingine.

Siku ya kwanza fanya hivi. Chomeka intafesi (kisanduku kinachounganisha maiki na laptopu), sakinisha draiva yake, kisha fungua Options, Preferences, Audio, Device, uchague ASIO, yaani njia ya kupitisha sauti haraka kwenye Windows. Weka 48000 Hz na bafa (sampuli za sauti ambazo laptopu hukusanya kabla ya kuzichakata) ya 128. Bafa hiyo ni kama milisekunde 2.7, sikio halitambui. Ukiiacha 1024 inakuwa milisekunde 21 kabla hata sauti haijarudi kwenye hedifoni, na mwimbaji ataanza kuburuta nyuma ya ngoma bila kujua kwa nini. Wakati wa kuchanganya sauti (mixing) ndipo urudishe 1024, maana kwa joto letu laptopu ikishachemka inapunguza kasi na sauti inakatikakatika.

Sasa Ctrl+T kufungua traki (mstari wa sauti moja), bonyeza kitufe chekundu cha traki, chagua ingizo la maiki. Mwambie mwimbaji aimbe pale anapopaza zaidi, si pale anapojaribu "one two", na urekebishe geni (kiwango cha kukuza sauti ya maiki) kwenye intafesi mpaka kilele kiguse kama -12 dB kwenye mita ya traki. Rekodi kwa biti 24. Ctrl+R, anza.

Mwimbaji akisema anajisikia mara mbili, maiki ni nzima. Intafesi inampa sauti yake moja kwa moja, na Reaper nayo inamrudishia ileile ikiwa imechelewa. Zima moja: ama kitufe cha Direct kwenye intafesi, ama kialama cha spika kwenye traki.

Waimbaji wa taarabu wana lao. Plagini za kunyoosha sauti kwa kawaida zimepangiwa nusu-toni 12. Ukiimba kwenye maqam (ngazi za noti za Kiarabu) kama Rast au Bayati, ile noti inayokaa katikati plagini huiona kosa na kuivuta kwenye nusu-toni iliyo karibu. Wimbo unatoka safi na umekufa. Iache imezimwa, rudia mstari.

Namba mbili: FL Studio

Kwa biti, mpangilio wake wa visanduku vya ngoma unaeleweka siku hiyohiyo, na ukishanunua, matoleo yajayo ni bure. Mitego ni miwili. Toleo la majaribio linakubali kuhifadhi kazi lakini halikufungulii tena mpaka ulipe, kwa hiyo toa faili ya sauti ya WAV kabla ya kufunga. La pili: toleo la bei ya chini, Fruity, halirekodi sauti ya maiki; anayetaka kuimba juu ya biti yake anunue Producer. Ile ya kreki unayopewa kwenye flashi huja na virusi vyake, na virusi havina siku za majaribio.

Namba tatu: GarageBand

Bure, ala za ndani nzuri kuliko za Reaper, lakini Apple tu.

Namba nne: BandLab

Ya simu na ya kivinjari, bure. Inafaa kushika wazo la wimbo ukiwa unangoja feri Likoni. Kwa simu za Android ucheleweshaji wa sauti ndio unaosumbua.

Audacity tumeiweka mwisho makusudi. Ni bure na ni hodari kwa kukata mahubiri au mahojiano, ila hairekodi MIDI, yaani noti zinazopigwa kwa kinanda cha kompyuta.

Kabla ya kununua maiki

Maiki ya kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye intafesi, na unyevu wa pwani huifanya ivume na kutatarika. Ihifadhi ndani ya mkebe uliofungwa pamoja na pakiti za silika. Chumba kikiwa kinaingiza tuktuk na feni, maiki ya dainamiki, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni, itakusaidia zaidi.

Dakika moja ya traki moja hula kama MB 8.6, wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 ni kama MB 415. Na faili ya mradi ya Reaper (RPP) haina sauti ndani yake, ni ramani tu. Ukimpelekea prodyuza hiyo peke yake atafungua traki tupu. Tumia Save project as, weka tiki kwenye Copy all media into project directory, ndipo unakili folda nzima.