IPr ya chupa: kazi inafanya, bei ndo inauma

Kwa mnaohangaika na silikoni (elementi Si, sio ile ya mpira) maabara, hii kabeni ya IPr (kabeni ni molekuli yenye kaboni iliyoshikana na jirani wawili tu na ina jozi ya elektroni ya kugawa, IPr ni jina fupi la aina hii) niliyoagiza huku Ujerumani iko poa sana, poda nyeupe safi, ifungulie ndani ya boksi la glavu (lile lililofungwa lenye gesi tulivu) tu, hewa ya nje usijaribu kabisa. Silikoni kawaida inataka bondi nne, ukiinyima inarukia chochote kilicho karibu unabaki na uchafu, sasa kabeni inaipa elektroni mbili halafu yale makundi yake manene yanasimama pembeni kama mabaunsa hakuna anayesogea. Mimi nimeichanganya na HSiCl3 (triklorosilani) nikapata SiCl2 iliyoshikiliwa na kabeni, ile njia ya kundi la mkemia Roesky pale Göttingen, 2009, ila pigeni hesabu ya kabeni mbili kwa moja maana nusu inabeba HCl inageuka chumvi, hapo ndo hela inapotea jamani. Mkemia Robinson na wenzake Georgia, Marekani, 2008 walienda mbali zaidi, wakaanza na SiCl4 wakaipokonya klorini zote kwa KC8 (grafaiti yenye potasiamu), wakatoka na silikoni mbili zenye bondi mbili kati yao, kila moja na IPr yake, fuwele nyekundu!! Hiyo ndo naitaka next.

Chupa ya kwanza ilifika kizibo kimelegea, unyevu ushaingia, muuzaji akabadilisha baada ya kuvutana sana. Nyota nne. Kama bajeti ndogo chukua chumvi yake ya kloridi, haisumbuliwi na hewa, protoni unaitoa mwenyewe kwa besi kali, tert-butoksidi ya potasiamu.